Biti 24 za Kwenye Boksi, Amplifaya ya Kimeo

Najua nimekuwa kimya, ulikuwa msimu wa mitihani, na wengine bado tunasubiri kujua kama kuna supu au hakuna. Leo sileti stori za kantini wala za bumu kuchelewa. Nina dukuduku la kielektroniki. Na wewe unayesoma sheria au uhasibu usikimbie, maana jambo lenyewe linazihusu nyimbo alizokuwa anacheza baba yako.

Hoja yangu ni moja tu. Tunapoingiza sauti kwenye kompyuta, iwe ni kutoka kwenye kaseti, mkanda wa redio au maiki, fedha na sifa zote tunampa yule wa mwisho kwenye foleni: kigeuzi, ile chipu inayobadili volti kuwa namba, ambayo darasani tunaiita ADC. Anayesimama mbele yake, yaani amplifaya inayomlisha, hatumuulizi hata jina. Matokeo yake tunanunua namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi na kuilisha uchafu. Nasema tugeuze utaratibu: kwanza usafi wa amplifaya, halafu biti.

Kutoka hapa chuoni hadi Gerezani ni mwendo wa miguu tu, kwa hiyo wengi wetu vifaa vya mradi tunavitafuta huko na Kariakoo. Pita Uhuru na Msimbazi siku yoyote usikilize mazungumzo. Mteja anauliza, "Hii ni biti ngapi?" Muuzaji anajibu, "24, mpya kabisa." Biashara imeisha. Sijawahi kusikia mtu akiuliza, "Upotoshaji wake ni asilimia ngapi?" Na simlaumu muuzaji. Yeye anauza kinachoulizwa.

Tuelewane kwanza upotoshaji ni nini. Ukiingiza toni moja safi ya hetsi 1,000 kwenye amplifaya kamili, itoke toni hiyohiyo, kubwa zaidi. Amplifaya za kweli haziko hivyo. Haziongezi kila volti kwa kipimo kilekile. Zinapokaribia mwisho wa nguvu zake zinabana, katikati nazo zina kigugumizi chao. Umbo la wimbi linapinda kidogo, na kupinda huko ndiko kunakozaa watoto ambao hukuwaalika: hetsi 2,000, 3,000, 4,000 na kuendelea. Hao ndio harmoniki. Ukijumlisha nguvu zao ukalinganisha na toni yenyewe, unapata kile kinachoitwa upotoshaji wa harmoniki. Fundi wa mtaani hana haja ya jina refu. Anasema, "Inakwaruza."

Sasa hesabu, na nawaahidi ni fupi. Kila biti ya kigeuzi inakupa takriban desibeli 6 za nafasi kati ya sauti kubwa kabisa na uchafu wa kigeuzi chenyewe. Kanuni ni 6.02 mara idadi ya biti, jumlisha 1.76. Biti 10, kama zile za Arduino Uno, ni desibeli 62. Biti 16 za CD ni 98. Biti 24 ni 146, kwa nadharia. Sasa chukua amplifaya yenye upotoshaji wa asilimia 1. Asilimia 1 maana yake uchafu upo desibeli 40 tu chini ya sauti. Irudishe kwenye kanuni ileile: 40 toa 1.76, gawa kwa 6.02. Unapata biti 6 na kidogo. Umelipia 24, umepata 6! Ukishuka hadi asilimia 0.1 unafika karibu na biti 10. Asilimia 0.01 inakupeleka kwenye 13. Hakuna kigeuzi duniani, hata kiuzwe bei ya kiwanja Kigamboni, kinachoweza kurudisha kilichopindishwa kabla hakijafika kwake. Chenyewe kinapima tu kile kilicholetwa, kwa uaminifu kabisa, pamoja na uongo wake.

Kwa nini nalishupalia jambo hili? Kwa sababu ya mikanda.

Miaka ya 1960 hadi 1980, bendi zetu zilikuwa zinarekodi zaidi Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa kuwa studio za watu binafsi zilikuwa chache. NUTA Jazz iliyoanza 1964, Mlimani Park iliyoanza 1978 na nyingine nyingi, sauti zao zipo kwenye mikanda ya sumaku iliyorithiwa na TBC. Mwaka 2012 mradi wa Tanzania Heritage Project ulichangisha fedha mtandaoni ili urithi huo uhamishiwe kwenye dijitali. Mwaka 2019 UNESCO na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, walitoa tahadhari kwamba ifikapo 2025 hivi kuchezesha mikanda ya sumaku kwa utaratibu wa kawaida kutakuwa kumefikia mwisho duniani: mashine hazitengenezwi tena, vipuri vinakwisha, na wanaojua kuzirekebisha wanastaafu. Mwaka huo umeshafika. Mkanda mchakavu unaweza kukupa nafasi moja tu ya kuucheza vizuri. Nafasi hiyo moja ukaipitishe kwenye amplifaya ya kimeo? Wajukuu zetu watasikiliza gitaa lenye makwaruzo na kudhani wazee walikuwa wanapiga hivyo.

Na si TBC tu. Kila familia ina kaseti zake: harusi ya shangazi, mawaidha ya babu, kwaya ya kanisani, taarabu iliyorekodiwa ukumbini. Hizo zinahamishwa vibandani na kwenye laputopu zetu. Njia ya kawaida ni hii: waya kutoka tundu la hedifoni la redio kaseti, moja kwa moja hadi tundu la maiki la kompyuta. Tundu la maiki limetengenezwa kupokea milivolti chache, na ndani yake kuna amplifaya ya kuzikuza. Tundu la hedifoni linatoa mamia ya milivolti. Ni kama kumnywesha mtoto mchanga kwa mpira wa kuzimia moto. Vilele vya wimbi vinakatwa juu na chini, na harmoniki zinamwagika. Dawa yake ni rezista mbili, moja ya kilo-omu 10 na nyingine ya kilo-omu 1, zilizopangwa kugawa volti kwa 11. Hiyo ni kama desibeli 21 chini. Kama kompyuta ina tundu la laini, tumia hilo na umalize mjadala.

Tuje kwa sisi tunaojenga saketi wenyewe. Chipu inayopendwa kwenye miradi ni LM358, na sababu inaeleweka: ni rahisi, ipo kila duka, na inakubali volti 5 za Arduino. Mimi siichukii. Kwa kusoma joto la maji kwenye tangi ni nzuri sana. Kwa muziki ina magonjwa mawili. La kwanza, ukiipa volti 5, pato lake linaishia karibu na 3.5, kwa hiyo volti 1.5 za juu za kigeuzi chako hazifikiwi, na wimbi likitaka kupita hapo linakatwa. La pili ni la kwenye mapokezano. Ndani ya hatua yake ya mwisho kuna transista zinazopeana zamu, moja inasukuma mkondo na nyingine inauvuta, kama vibarua wawili wanaopokezana gunia. Wakati wa kupokezana kuna kujikwaa kidogo. Kujikwaa huko kunatokea wimbi linapobadili mwelekeo wa mkondo, kwa hiyo sauti ndogo ndizo zinazoumia zaidi: pumzi ya mwimbaji, mwisho wa noti ya gitaa. Watengenezaji wenyewe wanashauri kwenye karatasi ya maelezo kwamba uweke rezista kutoka kwenye pato kwenda ardhini, ili transista moja ifanye kazi muda wote na kupokezana kuishe. Rezista moja! Lakini nani anasoma karatasi ya maelezo wakati desa la mwaka jana lipo?

Kitu kinachopunguza upotoshaji kuliko vyote ni mrejesho hasi. Aliyeufikiria ni Harold Black, mhandisi wa Bell Labs, mwaka 1927, akiwa kwenye kivuko akienda kazini New York, kama wanavyovuka wenzetu wa Kigamboni na pantoni kila asubuhi. Wazo lake: chukua sehemu ya pato, irudishe kwenye ingizo ikiwa kinyume, amplifaya ijilinganishe yenyewe na kusahihisha kosa lake. Upotoshaji unagawanywa kwa kiasi cha nguvu iliyobaki ya kusahihisha. Na hapo ndipo wengi tunapoachwa na basi, kwa sababu nguvu hiyo inapungua kadiri frikwensi inavyopanda.

Mfano. LM358 ina uwezo wa takriban megahetsi 1. Kwenye kilohetsi 10 inabakiwa na ukuzaji wa kama mara 100. Ukiitaka ikuze mara 10, ya kusahihisha ni 10 tu. Ukiitaka ikuze mara 100, hakuna kilichobaki cha kusahihisha makosa, kila kinachopinda kinapita. NE5532, chipu ya zamani ya sauti, ina megahetsi 10. Katika hali ileile ya mara 10, ya kusahihisha inakuwa 100. Kwa hiyo ukihitaji ukuzaji mkubwa, gawa kazi: hatua mbili za mara 10, siyo moja ya mara 100. Ukiweza, tumia mpangilio wa kugeuza wimbi, maana hapo miguu miwili ya ingizo inatulia kwenye volti moja na chanzo kimoja cha upotoshaji kinakufa. Kisha mpe umeme wa kutosha. NE5532 haitaki volti 5 za Arduino, inataka pande mbili. Betri mbili za volti 9 zinatosha, tena hazina mvumo wa umeme wa ukutani.

Kapasita nazo msizidharau. Zile ndogo za kauri zenye uwezo mkubwa hubadilika thamani kadiri volti inavyobadilika, na kitu kinachobadilika na volti ni kiwanda cha harmoniki. Kwenye njia ya sauti weka za poliesta au polipropilini, au zile za kauri za aina ya C0G. Hizo nyingine ziache kwenye umeme wa kuendeshea chipu, huko hazina madhara.

Halafu kuna mlango wa kigeuzi wenyewe. Vigeuzi vingi vina kapasita ndogo ndani inayochota volti kila vinapopima. Fikiria kopo linalochota maji kwenye ndoo iliyo chini ya bomba. Kila ukichota, maji yanatikisika. Usipoyapa muda wa kutulia, kopo linalofuata linapima uongo. Amplifaya ndiyo bomba. Ndoo ni kapasita ya nanofaradi chache unayoiweka mlangoni, ikiwa na rezista ndogo kati yake na amplifaya, kwa sababu amplifaya nyingi hazipendi kubebeshwa kapasita moja kwa moja, zinaanza kuyumba. Vitu viwili hivyo pia vinasaidia kuzuia frikwensi za juu. Pale ambapo hakuna kichujio cha kutosha, harmoniki haiendi mbali ikapotea. Inakunjwa na kurudi. Ukipima mara 48,000 kwa sekunde, harmoniki ya tatu ya kilohetsi 10, yaani 30, inarudi kama kilohetsi 18, noti ambayo haina undugu wowote na wimbo.

Najua wapo watakaonipinga, na hoja zao si za kitoto.

Wa kwanza atasema mkanda wenyewe una upotoshaji kibao, kwa nini tujisumbue na sehemu ndogondogo za asilimia? Ni kweli. Wahandisi wa studio walikuwa wanaweka kiwango cha juu cha mkanda pale harmoniki ya tatu inapofika asilimia 3. Lakini upotoshaji wa mkanda unakua sauti inapokuwa kubwa na kufifia inaposhuka, na ni sehemu ya rekodi jinsi ilivyofanywa siku ile. Ule wa mapokezano kwenye chipu mbaya ni kinyume: unaonekana zaidi kwenye ukimya. Cha mkanda ni cha wazee. Cha chipu ni chetu, na hatuna haki ya kukichanganya na chao. IASA wenyewe, katika mwongozo wao wa TC-04, wanataka kigeuzi cha hifadhi kiwe na upotoshaji pamoja na kelele chini ya desibeli 105, kama sehemu 6 katika milioni. Fanyeni hesabu yetu ileile: ni biti 17 na kidogo. Yaani hata hao wakali wa hifadhi hawadai biti 24 za kweli. Wanadai usafi unaopimika.

Wa pili atasema vifaa vya Kariakoo ni feki, kwa hiyo tunajisumbua bure. Chipu zilizofutwa jina na kuandikwa jingine zipo duniani kote, siyo kwetu tu. Ila feki ina dawa, nayo ni kupima. NE5532 ya kweli inakula takriban miliampea 8 hata ikiwa imekaa tu. LM358 inakula chini ya 1 au karibu na hapo. Kama chipu imeandikwa NE5532 halafu mita yako inasoma nusu miliampea, unajua umeuziwa jina. Dakika mbili, mita ya kawaida.

Wa tatu atasema hatuna vyombo vya kupimia upotoshaji, maabara zinavyo vichache na foleni ni ndefu. Huyu simkubalii kabisa. Una laputopu. Audacity ni programu ya bure, ipo tangu mwaka 2000. Tengeneza toni ya hetsi 1,000, itoe kwenye kadi ya sauti, irudishe humohumo kwa waya, rekodi, angalia mchoro wa frikwensi. Huo ndio uchafu wa kompyuta yako. Sasa ingiza amplifaya katikati, rudia. Kilichoongezeka kwenye 2,000 na 3,000 ni cha amplifaya. Kisha punguza toni kwa desibeli 10. Harmoniki zikishuka haraka kuliko toni yenyewe, ulikuwa unaibana kwa sauti kubwa. Zikigoma kushuka, au zikionekana kubwa zaidi ukilinganisha na toni, mtafute yule mgonjwa wa mapokezano. Na ukiona vilima kwenye 50 na 100, hiyo si harmoniki ya toni yako, ni umeme wa ukutani unakusalimia.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Sisi wenyewe wanafunzi tukubaliane kwamba ripoti yoyote ya mradi wenye kigeuzi iwe na mstari mmoja: upotoshaji uliopimwa ni kiasi gani, kwa sauti ndogo na kwa sauti kubwa. Siyo uliosomwa kwenye boksi. Tusisubiri mwalimu atulazimishe. Na atakayepata nafasi ya kufanya kazi kwenye hifadhi yoyote ya sauti, Dar, Zanzibar au kwao mkoani, apime njia yote kabla mkanda wa kwanza haujawekwa kwenye mashine. Kama fedha ni ya kitu kimoja, zitumike kwanza kusafisha vichwa vya mashine na kutengeneza amplifaya nzuri, kigeuzi kikubwa kisubiri.

Mafundi wa Gerezani nao tuwapelekee hizo rezista mbili na hiyo toni ya hetsi 1,000. Wao wana masikio kuliko sisi, wamesikiliza amplifaya mbovu maisha yao yote. Sisi tuna hesabu. Mtu mwenye sikio na mtu mwenye mchoro wa frikwensi wakikaa benchi moja, kaseti ya shangazi itapona.

Mwenye chipu anazoziamini, au aliyepima ya kwake akapata namba, atuwekee hapa tulinganishe. Ukisema "inasikika poa" haitoshi, leta desibeli.

Alamsiki.